Maswali ya Gari: Throto bodi, msasa, na sailensi iliyogoma kushuka

Assalaam alaykum. Nina Toyota IST ya 2003, injini ya 1NZ. Asubuhi inawaka bila ya tatizo, lakini ikishapata moto, kila nikisimama kupakia mtu inazima. Nikiwasha AC ndiyo kabisa. Jirani ameniambia nivue throto bodi niisugue ndani kwa msasa mpaka ing'ae kama kioo, hewa ipite kwa wepesi na gari ipate nguvu. Nimeshanunua kopo la kabuklina (dawa ya kupuliza ya kusafishia) na msasa namba 400. Nianzie wapi?
*Msomaji, Wete, Pemba*

Waalaykum salaam. Kabuklina umefanya vyema kuinunua. Msasa uweke kabatini, usiingie ndani ya tundu la throto bodi hata mara moja, na tunaomba ulizingatie hili kabla hujashika spana.

Throto bodi ndiyo mlango wa hewa inayoingia kwenye injini. Injini ikiwa sailensi, yaani inazunguka bila ya kukanyagwa mafuta, kile kisahani kilichomo ndani ya throto bodi kinakuwa kimekaribia kufunga chote. Hewa inayobaki inapita ukingoni, kwenye upenyo mwembamba kuliko unene wa ukucha, pamoja na kijitundu cha pembeni kwenye gari zenye valvu ya sailensi. Sasa mvuke wa oili unaotoka ndani ya injini kupitia mpira wa kupumulia unagandia pale pale ukingoni, unashika na vumbi, na kufanya ukoko mweusi kama masizi ya chini ya sufuria. Upenyo unaziba, hewa inapungua, raundi zinashuka, injini inazima. AC inaongeza mzigo juu ya injini iliyokwishakosa pumzi, ndiyo maana ukiiwasha mambo yanazidi.

Msasa hauondoi ukoko peke yake. Unakula ukuta wa alumini na ukingo wa kisahani, na upenyo uliopimwa kiwandani unapanuka daima. Ukishafika hapo gari haitazima tena, bali sailensi itakaa juu na hakuna wa kuishusha, dawa yake ni throto bodi nyingine. Tena baadhi ya throto bodi zimepakwa kiwandani utando wa kijivu cheusi kuzunguka kisahani. Ukiona weusi laini usiotoka kwa kitambaa chenye kabuklina, huo si uchafu, uache. Na nguvu unayoahidiwa haipo: ukikanyaga mafuta mpaka chini kisahani kinafunguka chote, na njia ile inaitosha injini ya 1500 cc bila ya kung'arishwa.

Kazi yenyewe ni ya saa moja na nusu kwa anayeifanya mara ya kwanza. Andaa spana namba 10 na 12, bisibisi, plaizi, mswaki laini wa zamani, kanga kuukuu iliyofuliwa mara nyingi (haitoi nyuzi), na gasketi mpya ya throto bodi. Gasketi inunue mapema. Ukishavua ukaikuta ya zamani imelala bapa, utabaki na gari wazi uani huku unatafuta chombo cha kukufikisha dukani.

Subiri injini ipoe kabisa. Throto bodi za Toyota nyingi zina mipira miwili myembamba ya kulanti (maji ya kupoza injini) inayopita chini yake, kwa ajili ya nchi za baridi ambako barafu hushika humo. Sisi barafu hatuna, lakini usiizibe moja kwa moja: kwenye baadhi ya gari za waya (ambazo ekseleta inavuta kisahani kwa waya), joto la kulanti ndilo linaloambia valvu ishushe sailensi injini ikipata moto. Vua teminali hasi ya betri. Legeza klipu, toa mpira mkubwa unaotoka kwenye eakilina (filta ya hewa). Hapo piga picha kwa simu, kila mpira na kila soketi, kwa sababu mipira ya vakyumu inafanana na ukiichanganya utatafuta kosa siku nzima.

Toa soketi kwa kubonya kidole chake, usizivute kwa waya. Plastiki ya gari ya miaka ishirini imekauka na inakatika kama kaa la moto lililopoa. Kama kuna waya wa ekseleta, uchomoe kwenye gurudumu lake. Kisha legeza bolti na nati kwa mshazari, kidogo kidogo. Mipira ya kulanti ikiwa mirefu ya kutosha, pindua throto bodi bila ya kuivua mipira. Ikiwa mifupi, ivue na uizibe haraka, na mwisho usisahau kujaza kulanti iliyomwagika.

Tazama upande wa nyuma, ule unaoelekea manifodi (bomba linalogawa hewa kwenye silinda). Mara nyingi mbele panaonekana pasafi na nyuma pana ukoko mzito, na ndiyo sababu hatupendelei kupuliza dawa kwa mbele tu na kufunga. Ziba mdomo wa manifodi kwa kitambaa safi. Puliza kabuklina kwenye kitambaa na kwenye mswaki, si moja kwa moja kwenye ekseli ya kisahani, maana dawa inasukuma uchafu kwenye beringi na kuosha grisi yake, na ikifika kwenye sensa ya upande inaiua. Fungua kisahani taratibu kwa kidole, futa ukingo wote, mbele na nyuma, kisha ule mstari mweusi ukutani mahali kisahani kinapokaa. Ukoko mgumu ulowanishe, subiri dakika mbili, futa tena. Usikwangue kwa bisibisi wala kisu. Gari ya waya ina kijitundu cha hewa ya sailensi kabla ya kisahani. Hicho kipulize kidogo kidogo, ukiwa umeinamisha throto bodi ili uchafu utoke badala ya kuingia kwenye valvu. Nusu kopo linatosha kazi yote.

Utaona pia kiskrubu kidogo kinachozuia kisahani kisifunge chote, mara nyingi kimetiwa rangi. Hicho kimefungwa kiwandani. Usikiguse, hata ukiambiwa na nani kuwa ndicho cha sailensi.

Wakati wa kurudisha, futa uso wa gasketi mpaka usibaki hata chembe ya mchanga. Bolti za spana 10 hazihitaji zaidi ya nyutoni-mita 8 hadi 10, yaani nguvu ya kifundo cha mkono kwenye spana fupi. Uzi wa alumini ukiliwa utajuta. Kaza kwa mshazari. Rudisha betri, washa, uiache sailensi bila ya AC mpaka feni ya rejeta izunguke, kisha washa AC na uiache dakika tano nyingine. Moshi kidogo na kutikisika mwanzoni ni dawa iliyobaki inayoungua. Ikishatulia moto, gari ya namna hii hukaa kati ya raundi 600 na 750.

Ukisikia mluzi wa hewa, au sailensi inapanda na kushuka kama pumzi ya mkimbiaji, kuna mpira uliousahau au gasketi imekaa vibaya. Pakaza maji ya sabuni kwenye viungo. Mahali raundi zinapobadilika ndipo panapovuja. Usipulize kabuklina kutafuta uvujaji injini ikiwa moto, inashika moto.

Na kabla ya kufunga boneti, vua valvu ya PCV (ile inayopitisha mvuke wa oili kwenda kwenye mpira wa kupumulia) uitikise. Isipolia, imekwama, na ukoko utarudi upesi. Angalia na klipu za boksi la eakilina pia. Klipu moja ikiwa wazi, vumbi jekundu la barabara za shamba linapita pembeni ya filta, na linaposhikana na oili linakuwa tope lenye mchanga, linalosaga kisahani na injini yenyewe.

Nimesafisha throto bodi ya Nissan March, ile isiyo na waya wa ekseleta. Tangu hapo sailensi imekaa raundi 1800 na haishuki. Fundi anasema throto bodi imekufa ninunue nyingine. Ni kweli?
*Msomaji, Mwanakwerekwe, Unguja*

Usinunue bado. Kompyuta ya injini ilikuwa imezoea ukoko, ikawa inafungua kisahani zaidi ili kufidia hewa. Ukoko umeondoka, lakini yenyewe bado inafungua kwa kipimo cha zamani. Toyota nyingi hujifunza upya zenyewe. Nissan hutaka kufundishwa, kwa mashine au kwa ekseleta na saa yenye mshale wa sekunde.

Hakikisha kwanza hakuna mpira unaovuja. Endesha gari dakika kumi ipate moto. Zima AC, taa, redio na feni, nyoosha usukani, tia gia ya P. Zima injini, subiri sekunde 10. Washa swichi bila ya kupiga stata, hesabu sekunde 3. Ndani ya sekunde 5, kanyaga mafuta mpaka chini na kuachia mara 5. Hesabu sekunde 7, kisha kanyaga mpaka chini na ushikilie kiasi cha sekunde 20: taa ya cheki injini itawaka na kuzima, halafu itatulia ikiwaka. Ikitulia tu, achia ndani ya sekunde 3. Piga stata, iache sailensi sekunde 20, kisha piga resi mara mbili au tatu.

Watu wengi hawafaulu mara ya kwanza kwa sababu ya kuchelewa sekunde moja. Zima, subiri, rudia. Betri dhaifu pia huikatalia kazi hii. Na kisahani cha gari kama yako kinaendeshwa na mota yenye gia za plastiki, kwa hivyo usikisukume kwa kidole swichi ikiwa imewashwa: kinaweza kukubana, na gia zikakatika.

Naishi Jambiani, karibu na pwani. Throto bodi na manifodi yangu nje vimeota ungaunga mweupe. Nataka ving'ae. Nitumie ndimu na chumvi, kama tunavyong'arisha sinia za shaba?
*Msomaji, Jambiani*

Nje ng'arisha upendavyo, hapo hapadhuru, ila si kwa njia hiyo. Chumvi ndiyo iliyoleta huo unga, na ikibaki kwenye vinyweleo vya alumini itauleta tena. Magadi nayo yanaigeuza alumini nyeusi. Waliowahi kuyachemsha kwenye sufuria wanajua.

Vua kipande, ziba kila tundu kwa utepe, osha kwa sabuni ya vyombo na maji ya bomba. Tumia msasa wa maji namba 400 palipoliwa, kisha 800, 1500 na 2000, kila namba mpaka mikwaruzo ya iliyotangulia ipotee. Malizia na Brasso na kitambaa laini, halafu nta ya gari kidogo. Usiguse uso wa gasketi. Ukiuviringisha kwa msasa, hewa itavuja. Osha vumbi lote la alumini kabla ya kubandua utepe.

Petroli haiwezi kuchukua nafasi ya kabuklina? Na nisafishe kila baada ya muda gani?
*Msomaji, Chake Chake*

Petroli haifai: inavimbisha mipira, na mvuke wake unatambaa chini mpaka ukute jiko la mkaa la jirani. Kabuklina nayo usiipulize kwenye sensa ya hewa iliyoko baada ya eakilina; ina dawa yake maalumu, na waya wake mwembamba haugusiki. Muda: fungua uangalie kila kilomita 40,000. Ukikuta pasafi, funga.