Fonti yako ianze na maneno, A mpaka Z itafuata

Wiki tatu za kwanza nilichora Q. Tulikuwa mwaka wa pili, tumepewa kazi ya kubuni fonti, yaani seti nzima ya herufi za kuandikia kwenye kompyuta, kuanzia karatasi tupu, nami nikajiuliza ni herufi gani itakayowafanya wenzangu darasani wageuze shingo. Nikaichagua Q kwa sababu ina mkia. Mkia wenyewe niliuteremsha, nikaunyoosha kulia kama mjusi anayekimbilia chini ya kabati. Siku ya kuonyesha kazi mwalimu aliusifu, kisha akaniambia niandike kwa fonti hiyo jina langu, jina la mtaa ninaoishi, na sentensi moja ninayoisikia kila siku nyumbani. k sikuwa nayo. w nilikuwa nayo nusu. Na katika yote aliyoniagiza, Q haikuhitajika hata mara moja.

Tangu nimalize kozi, wadogo zangu wanaoingia darasa lilelile huniuliza waanzie wapi. Huwa nawaambia waanze na maneno ambayo fonti yao itayabeba. Na kama itasomwa na Waswahili, maneno hayo wayatoe kwenye Kiswahili.

Sisemi hivi kwa uzalendo. Chukua sentensi ya kawaida kabisa: "Wanafunzi wa kidato cha nne wanatakiwa kukaa darasani." Ina herufi 46, na 14 kati yake ni a. Karibu theluthi nzima! Kwenye Kiingereza inayotawala ni e, na mafunzo mengi utakayoyakuta mtandaoni yameandikwa na watu waliozoea e. Watakwambia uanze na n na o, halafu ujaribu neno "hamburgefonts", ambalo limetungwa ili likusanye maumbo mengi kwa mpigo. Ni ushauri mzuri, nami naufuata. Ila hesabu a zilizomo humo: ni moja tu.

Mimi hilo lilinifundisha kwa aibu. a yangu ya kwanza niliiwekea kijimkunjo kwenye mguu, kitu kidogo cha mbwembwe. Ikiwa peke yake kwenye karatasi kubwa ilipendeza, hata nikaiweka kuwa picha ya simu yangu. Nilipoandika aya nzima ya Kiswahili, kile kijimkunjo kikajirudia mara 14 kwenye mstari mmoja, na ukurasa wote ukawa kama una chawa. Macho yanawasha. Nikaelewa kwamba herufi inayotokea mara nyingi inatakiwa kuwa na adabu, na mbwembwe uzipeleke kwa zile zinazokuja kutembea mara mojamoja, kama p au j.

Kuna na suala la a ya namna gani. Ile tuliyofundishwa shuleni, duara lenye kijiti pembeni, ni rahisi kuichora na inapendeza kwenye bango. Lakini ichape kwa pointi 8 kwenye printa ya steshenari, wino ukitawanyika kidogo tu, inageuka o. Kiswahili hakisamehe hapo, maana a na o kwetu zinabeba maana: aga na oga, chaka na choka, cha na cho. Nilichapa kadi yenye neno "kuaga", shangazi akaisoma "kuoga" mbele ya watu. Nikarudi nyumbani nikachora a yenye paa, ile ya vitabuni, na sijajuta.

Sasa niwaambie habari za fundi, kwa sababu nusu ya ninachokijua kuhusu nafasi kati ya herufi sikukipata darasani.

Kazi yangu ilikuwa inatokana na maandishi ya brashi ya ukutani, yale ya saluni, gereji na maduka ya dawa Temeke. Nikamwomba fundi mmoja wa mabango niwe nakaa naye Jumamosi. Siku hiyo alikuwa na ubao wa zahanati, mstari wa juu KLINIKI YA, wa chini WAJAWAZITO. Nilidhani ataanzia kushoto. Akacheka. "Mdogo wangu, ukianzia kushoto, hiyo O ya mwisho utaiandika kwa jirani."

Akahesabu kwa vidole: herufi kumi. Kisha akazipima tena kichwani. I ni nusu ya herufi, W ni moja na nusu, na W ziko mbili. Jumla kumi na nusu. Nusu yake ni tano na robo, na ukihesabu kutoka kushoto, tano na robo inaangukia katikati kabisa ya W ya pili. Akapiga uzi wa chaki juu na chini, akaweka alama katikati ya ubao, akaanza na W hiyo. Halafu A ya kulia kwake, kisha A ya kushoto, akaendelea kutanuka hivyo kwenda pande zote mbili. Kila baada ya herufi mbili tatu alivuka barabara, akafinya macho, akarudi.

Nilichokiona siku ile ni kwamba W na A alizibananisha mpaka zikakaribia kugusana, huku I na T akaziachia hewa. Rula hakuigusa. Nilipomuuliza anapimaje akasema anapima weupe, yaani ule ukuta unaobaki. W inalala upande mmoja na A inalala vilevile, kwa hiyo zinaingiana kama vikombe. I na T zote zina nguzo zilizosimama, ukizibana zinakabana.

Kompyuta haina macho hayo. Ndani ya fonti kila herufi inakaa kwenye kisanduku chake chenye pambizo kushoto na kulia, na kompyuta inavipanga visanduku hivyo kama matofali. Niliandika WAJAWAZITO kwa fonti yangu nikapata W A J A W A ZITO: mwanzo meno yameng'oka, mwisho msongamano wa daladala. Kwanza utarekebisha pambizo za kila herufi, na hapo ndipo n na o zinasaidia: andika nnonnoonn mpaka weupe ulio ndani ya n ulingane kwa macho na weupe ulio kati ya n mbili. Baada ya hapo ndipo uingie kwenye jozi sugu, kazi ambayo wenyewe wanaiita keningi. Yangu ilianza na wa, ya, va, ka, kw, Ta, Ya, na herufi kubwa WA, AJ, AV, TA. Fonti yangu ina gridi ya vipande 1000 kwa kimo, na WA peke yake niliivutia ndani vipande 70. Usianze na jozi kabla pambizo hazijatulia, utafanya kazi mara mbili. Nilifanya. Usiku mbili zikapotea.

Neno WAJAWAZITO nalipendekeza kwa kila mtu. Wenzangu walifika mahali wakaiita kazi yangu Fonti ya Kliniki.

Halafu kuna ng'. Fonti nyingi tunazozitumia ziliundwa bila mtu kuifikiria. Times New Roman ilitoka mwaka 1932 kwa ajili ya gazeti la The Times la London. Kamati ya kusanifisha Kiswahili ndiyo kwanza ilikuwa na miaka miwili, maana iliundwa 1930. Huwezi kuwalaumu. Kwao ritifaa, kile kialama cha juu kinachofuata g, ni alama inayopita tu, kwetu ni sehemu ya sauti, na mtu anayeandika king'ora au ng'ombe hataki neno lipasuke katikati. Kwenye fonti nyingi linapasuka: g, shimo, ritifaa, shimo, o. Neno langu la kupimia ni "ng'ong'o". Likisomeka kama neno moja, umefaulu. Punguza pambizo za ritifaa yenyewe, kisha rekebisha jozi za g na ritifaa, ritifaa na o, ritifaa na a. Na uchore ritifaa zote mbili, ile iliyopinda na ile iliyonyooka, kwa sababu simu nyingi zinatoa iliyonyooka na watu hawataibadilisha kwa ajili yako.

Mengine nayapitia haraka, yamo kwenye kila kitabu. O ukiichora kimo sawasawa na H itaonekana fupi, kwa hiyo ipitishe kidogo juu na chini. Yangu inapita vipande 12 kila upande. Mstari unaolala uwe mwembamba kidogo kuliko unaosimama, la sivyo utaonekana mnene. S ichore, kisha igeuze juu chini, utashangaa tumbo la chini lilivyo kubwa. Nukta unazoweka kwenye kompyuta ili kuuchora mkunjo ziwe chache. Programu: FontForge ni ya bure na inaenda hata kwenye laptop ya zamani, ingawa sura yake inachosha. Glyphs ni tamu lakini inataka Mac, na inataka hela. Na usijiingize kwenye unene wa pili wa fonti hiyohiyo, kama herufi nzito, kabla wa kwanza haujakamilika, hata mwalimu akikuchombeza.

Kuhusu kuiga. Wapo wanaopiga picha ukuta, wanafuatisha herufi moja moja kwenye kompyuta, wanasema wamebuni. Ukiacha suala la heshima kwa mwenye mkono, kazi yenyewe haikai. Fundi akiandika A nne kwenye ubao, hakuna mbili zinazofanana, na uzuri uko humo. Fonti ina A moja tu, inarudia uso uleule. Kinachochukuliwa ni tabia: brashi yake pana ilikuwa inaanza kwa kukanyaga na kumalizia kwa kukata mshazari, nami niliubeba ule mkato nikauweka kwenye ncha za herufi zote. Nilimwomba ruhusa. Alitaka soda na jina lake liandikwe. Ndani ya kila faili la fonti kuna sehemu ya maelezo ambayo watu hawaifungui, na jina lake limo. Nilipomwonyesha kwenye simu alilisoma mara tatu, akauliza kama linaweza kukuzwa.

Chapa kwenye karatasi kila wiki. Kioo cha kompyuta kinabembeleza. Mimi nilikuwa naenda steshenari na faili la ukurasa mmoja wenye pointi 9, 12 na 18, nabandika karatasi ukutani jikoni, naiangalia nikiwa napika. Makosa mengi niliyaona nikiwa na mwiko mkononi, nikiwa mbali, macho yakiwa hayajajiandaa.

Q? Niliiacha kabisa, nikasema Kiswahili hakina q wala x, nitazichora za kujazia tu. Nilijisifia hilo mbele ya darasa zima. Mwenzetu mmoja wa Mbulu akanyoosha mkono, akaniuliza kwa upole lugha ya kwao itaandikwaje, maana jina lake tu ni Iraqw. Sikuwa na la kusema. Ile Q ya mwanzo bado ilikuwa kwenye kompyuta, nikaifufua, nikaandika IRAQW kwa herufi kubwa. Mkia niliouhangaikia wiki tatu ukapita chini kwa chini ukaenda kuichoma W mguuni. Nikaukata mpaka ukabaki nusu. Jamaa akautazama, akasema bado unagusa.