Mkuu, usizipe timu mazingira tofauti kabla ya kufunga mlango wa kanuni kufutana

Simamisha hilo zoezi leo. Umesema mfumo wa kufuatilia miamala yenye shaka ni mmoja kwa kampuni nzima, timu ya Posta na ya Mikocheni kila moja inataka mazingira yake ya kujengea, yaani nakala ya mfumo ya kutengenezea na kujaribu mabadiliko, na unauliza seva iwe ya ukubwa gani na leseni alipe nani. Seva ni jambo dogo.

Kinachoua ni kanuni, yaani masharti yanayoamua muamala upi utiliwe shaka. Kwenye mifumo hii mara nyingi kanuni na viwango vya tahadhari vimo ndani ya kanzidata (hifadhi ya data ya mfumo), na watu huvibadili kwa kubofya tu. Tuseme Posta wamenakili mfumo tarehe 1. Tarehe 10 Mikocheni wanashusha kiwango kutoka milioni 20 hadi milioni 10, kinaingia kwenye mfumo halisi. Tarehe 20 Posta wanamaliza fomu yao, wanapakia kifurushi kizima cha usanidi (mipangilio yote ya mfumo, kanuni zikiwemo), na kifurushi kile bado kina milioni 20. Hakuna ujumbe wa kosa. Miamala ya milioni 12 na 15 inapita kimya mpaka mkaguzi aje.

Na namba je? Kila kanzidata hujipangia namba zake, hivyo kanuni 57 ya Posta inaweza kuwa ya wateja wapya, 57 ya Mikocheni ya fedha ziendazo nje. Moja inaifuta nyingine, na kesi zilizokwisha kufungwa zinaonyesha sababu ambayo haikuwepo. Bakapu haikuokoi: ukiirudisha, unapoteza maamuzi yote yaliyofanyika baada yake.

Halafu kuna wauzaji wanaosema "kila timu iwe na yake, mtaunganisha mwishoni". Wameuza leseni ya pili, siku ya kuunganisha hawapokei simu. Inakera mno!

Kanuni isiingie mfumo halisi kwa mkono, wala kwa kifurushi kizima. Itoe kama faili ya maandishi, itambulishwe kwa jina, mfano FEDHA_NJE_01, ikae kwenye Git moja ya timu zote, yaani hifadhi ya faili inayoweka kumbukumbu ya kila badiliko. Aidhinishe afisa uzingatiaji (anayesimamia kampuni ifuate sheria), siyo mwandishi programu mwenzako. Ipite mazingira ya pamoja ya majaribio kwanza, na kipande kilichobadilika tu ndicho kipakiwe. Ondoa ruhusa ya kuhariri kwenye skrini ya mfumo halisi. Kila usiku linganisha mfumo halisi na Git. Ukikuta tofauti ya mstari mmoja, hakuna kupakia. Mazingira ya timu yajengwe upya kutoka Git kila Jumatatu, hata wakilalamika.

Data halisi ya wateja usinakili. Kufuta majina hakutoshi, maana namba ya NIDA ina tarakimu 20 na 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaihusu seva ya majaribio vilevile. Zima SMS na baruapepe kabla hujawasha nakala yoyote, zisiwafikie wateja.

Kama Posta wameshaanza, toa usanidi wao na wa mfumo halisi usiku huu, ulinganishe mstari kwa mstari, uweke hapa ulichokuta.