Pauni 500 kwa siku, lakini zinazofika mkononi ni ngapi? Maswali ya wakandarasi wa TEHAMA Uingereza

SWALI: Natunza hifadhidata za wateja kupitia kampuni yangu kwa pauni 500 kwa siku, nje ya IR35 (kanuni za Uingereza zinazomtoza mkandarasi kodi kama mwajiriwa pale kazi yake inapofanana na ya mwajiriwa). Sasa wakala wa ajira ananiletea mkataba wa pauni 500 zilezile, ila ndani ya IR35 na kupitia kampuni mwavuli, yaani kampuni inayoniajiri na kunilipa mshahara kati yangu na wakala. Anasema malipo hayajashuka. Ni kweli?
Msomaji, Leeds

JIBU: Yameshuka, ingawa pengo ni dogo kuliko wengi wanavyodhani. Lifahamu kabla hujaanza kuvutana na wakala.

Chukua siku 220 za kazi kwa mwaka, yaani pauni 110,000. Pesa hizo hulipwa kampuni mwavuli, hazilipwi wewe. Kampuni hutoa ada yake (tuseme pauni 25 kwa wiki, kama 1,100 kwa mwaka). Kisha hutoa mchango wa mwajiri wa Bima ya Taifa, asilimia 15 ya mshahara unaozidi pauni 5,000, pamoja na tozo ya uanagenzi ya asilimia 0.5. Zinazosalia, kama pauni 94,900, ndizo mshahara wako kabla ya kodi, na malipo ya likizo yamo humohumo. Ondoa kodi ya mapato, kama 25,400, na mchango wako mwenyewe wa Bima ya Taifa, kama 3,900. Mkononi zinabaki takriban pauni 65,600. Pensheni hatukuiingiza.

Sasa kampuni yako, kwa viwango vya mwaka wa kodi 2025/26. Toa pauni 4,000 za mhasibu, bima na vifaa, mshahara wako wa 12,570 na mchango wa mwajiri wa kama 1,100. Faida ni kama 92,300, na kodi ya kampuni ni kama 20,700. Ukijilipa kilichobaki chote kama gawio, kodi ya gawio itakula karibu 14,700. Mkononi: takriban pauni 69,500.

Tofauti haifiki pauni 4,000. Kodi imekuwa ikimbana mwenye kampuni mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2016 gawio la pauni 5,000 za mwanzo halikutozwa kodi. Tangu Aprili 2024 ni pauni 500 tu. Kiwango kikuu cha kodi ya kampuni kilipanda kutoka asilimia 19 hadi 25 Aprili 2023. Kuanzia tarehe 6 Aprili 2026 kodi ya gawio ni asilimia 10.75 kwa ngazi ya chini na 35.75 kwa ngazi inayofuata, na kwa mfano wetu zile 69,500 zinashuka hadi kama 68,000.

Anayeumia zaidi kuingia ndani ya IR35 ni yule ambaye hakuwa akitoa faida yote: aliyeacha akiba ndani ya kampuni kwa miezi isiyo na kazi, au aliyeelekeza fedha nyingi za kampuni kwenye pensheni. Kama ndiyo desturi yako, usijipime kwa pengo la pauni 4,000, maana lako ni kubwa zaidi. Mwenye nauli na malazi ya mbali naye ajihesabu upya, kwa kuwa chini ya mwavuli gharama za kwenda kazini kwa kawaida hazipunguzi kodi.

Ili mkono ubaki na zile 69,500, omba kama pauni 540 kwa siku. Ziada hiyo inaonekana kubwa kwa sababu mshahara ukivuka pauni 100,000, msamaha wa kodi wa 12,570 huanza kuliwa, na kila pauni inayozidi hapo hukatwa senti 62. Wengi huielekeza sehemu hiyo kwenye pensheni kwa makubaliano ya kupunguza mshahara. Iulize kampuni mwavuli kama inaruhusu, na kama akiba ya mchango wa mwajiri inaingia kwenye pensheni yako au inabaki kwao.

Muulize wakala kwa maandishi: kiwango hiki ni cha mwavuli (gharama za mwajiri zimo ndani yake) au cha PAYE (mfumo wa mwajiri kukata kodi kwenye mshahara; hapa ni mshahara wako wenyewe, bila gharama za mwajiri)? Pauni 500 za mwavuli katika mfano wetu ni sawa na kama 432 za PAYE likizo ikiwemo, au 385 likizo ikilipwa juu yake. Asiyeuliza hukataa 440 za PAYE akakimbilia 500 za mwavuli, kumbe ameacha nono.

SWALI: Kiwango changu cha mwavuli hakikubadilika, lakini tangu Aprili 2025 malipo yangu yamepungua. Naibiwa?
Msomaji, Birmingham

JIBU: Si lazima. Mwezi huo mchango wa mwajiri ulipanda kutoka asilimia 13.8 hadi 15, na kiwango unapoanzia kikashuka kutoka pauni 9,100 hadi 5,000. Kwa pauni 500 kwa siku, mshahara kabla ya kodi ulipungua kama 1,400 kwa mwaka. Dai nyongeza mkataba unapohuishwa.

SWALI: Mteja ametuweka wakandarasi wote ndani ya IR35 kwa mkupuo. Naweza kupinga?
Msomaji, London

JIBU: Kwanza angalia kama umepewa taarifa ya uamuzi wa hadhi, yaani kama uko ndani au nje ya IR35, yenye sababu. Mteja mkubwa au wa kati wa sekta binafsi amebeba wajibu huo tangu tarehe 6 Aprili 2021. Wa sekta ya umma amekuwa akiamua hadhi tangu 2017. Kama mteja ameamua tu kutopokea kampuni binafsi, hakuna uamuzi wa kupinga, bali bei ya kujadili.

Kama unayo taarifa hiyo, andika pingamizi kabla ya malipo ya mwisho ya mkataba. Jibu kila sababu kwa ushahidi wa kazi inavyofanyika: nani hupanga saa na namna ya kazi, kama unaweza kumtuma mtu mwingine na kumlipa wewe, kama mteja analazimika kukupa kazi nyingine hii ikiisha. Kifungu kizuri cha mkataba ambacho hakijawahi kutumika hakina uzito mkubwa. Mteja ana siku 45 za kujibu. Asipojibu, dhima ya kodi humwangukia. Uamuzi wa mkupuo, usiopima kazi ya kila mtu, ni dalili kwamba hakuwa na uangalifu unaotakiwa, na hilo pia linaweza kumbebesha kodi.

SWALI: Kampuni mwavuli moja inaniahidi asilimia 85 ya kiwango changu. Niende?
Msomaji, Glasgow

JIBU: Usiende. Hesabu ya hapo juu, iliyokatwa kodi yote, inatoa kama asilimia 60, na kwa viwango vya kodi vya Scotland ni pungufu kidogo. Ahadi ya 85 kwa kawaida humaanisha sehemu ya malipo inaitwa mkopo au jina jingine lisilokatwa PAYE, na HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, inaweza kukudai wewe miaka mingi baadaye. Tangu tarehe 6 Aprili 2026 wakala anaweza kudaiwa PAYE ambayo kampuni mwavuli haikulipa, lakini hilo halikufuti wewe kwenye orodha ya wanaoweza kudaiwa. Dai waraka wa taarifa muhimu ambao wakala analazimika kukupa kabla hamjakubaliana, na kila mwezi linganisha hati ya mshahara na kiasi kilichoingia benki, kisha na mapato yanayoonekana kwenye akaunti yako ya HMRC. Namba zisipolingana, ondoka mwezi huohuo.