Maswali Yenu Kuhusu Bahari Isiyo na Hewa Chini

Niliposema kwamba Bahari Nyeusi, ukishapita mita 150 hivi kwenda chini, haina oksijeni kabisa, sikutarajia maswali mengi kiasi hiki. Nimeyapunguza, na yanayofanana nimeyaunganisha.

Maji ni maji. Kwa nini oksijeni isishuke hadi chini?

Kwa sababu maji hayalingani uzito. Mito mikubwa kama Danube humwaga maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, nayo hubaki juu. Kupitia mlangobahari wa Bosporus huingia maji ya chumvi kutoka Mediteranea, nayo huzama. Mazito chini, mepesi juu, na hayachanganyiki kirahisi. Oksijeni huingilia juu, lakini mabaki ya viumbe yanayozama huozeshwa na bakteria wanaoimaliza yote kabla haijafika mbali. Bahari hiyo ina kina kinachozidi mita 2,200, na takriban asilimia 90 ya maji yake yamejaa haidrojeni salfaidi, gesi ile inayonuka kama yai viza. Bonde la Cariaco karibu na Venezuela liko hivyo hivyo.

Basi huko chini hakuna uhai?

Samaki hakuna. Bakteria na akea (viumbe wadogo wanaofanana na bakteria, ila ni jamii nyingine) wamejaa tele. Asiye na oksijeni hupumua kingine: nitrati kwanza, kwa kuwa humpa nishati zaidi, kisha manganizi na chuma, na mwisho salfeti, ambayo ndiyo inayozaa ile harufu. Ndiyo maana kila tabaka lina wakazi wake. Ninaowapenda zaidi ni bakteria wanaounganisha amonia na nitriti na kutoa gesi ya naitrojeni. Mwaka 1977 Engelbert Broda alikokotoa kwa kalamu tu kwamba lazima viumbe wa namna hiyo wawepo. Walikuja kuonekana miaka ya 1990 kwenye mtambo wa majitaka Uholanzi, na mwaka 2003 wakathibitishwa ndani ya Bahari Nyeusi.

Mnawajuaje, na wengi wao hawakubali kuoteshwa maabara?

Chupa hushushwa kwa kamba, kila moja ikajifunga kwenye kina chake. Maji huchujwa kwa kichujio chenye matundu ya maikromita 0.2 hivi, kisha DNA yote iliyonaswa hutolewa. Ukitaka orodha ya wakazi tu, unasoma jeni moja ambayo bakteria na akea wote wanayo, iitwayo 16S. Ukitaka zaidi, unasoma kila kitu, na hapo ndipo kazi ilipo. Chukua vitabu elfu, vikatekate vipande vya mistari miwili mitatu, vichanganye, kisha uambiwe uvirudishe kila kimoja mahali pake.

Kompyuta huunga vipande ambavyo ncha zake zina herufi zilezile za DNA, halafu huviweka mafungu mafungu. Vipande vinavyoongezeka pamoja na kupungua pamoja kutoka kina kimoja hadi kingine, huenda ni vya kiumbe mmoja. Hapa bahari yenye matabaka inatusaidia bila kujua: kila mita chache ni mazingira mapya, kwa hiyo tofauti kati ya chupa na chupa huwa kubwa na mafungu hujitenga vizuri. Jenomu, yaani DNA nzima ya kiumbe, iliyopatikana kwa njia hii huhesabiwa kuwa nzuri sana ikiwa imekamilika kwa zaidi ya asilimia 90 na vipande vya viumbe wengine vilivyochanganyika humo havifiki asilimia 5.

Mkiona jeni, mmeshajua kiumbe anafanya nini?

Hapana, na hapa wengi huteleza, hata wataalamu. Kuwa na jembe si kulima. Tazama jeni ziitwazo dsr. Bakteria mmoja huzitumia kugeuza salfeti iwe salfaidi. Mwingine ana jamii ya jeni zilezile, lakini kwake kimeng'enya, yaani protini inayotengenezwa na jeni hizo, hufanya kazi kinyumenyume na kuila salfaidi. Jina moja, kazi mbili zinazopingana. Tena DNA nyingine ni ya wafu waliozama kutoka juu.

RNA, yaani nakala ya jeni ambayo kiumbe huitoa anapoitumia, husaidia kwa kuwa huonyesha jeni inayotumika sasa, ila huharibika upesi na hubadilika chupa ikiwa bado njiani kupanda. Wengine huamua kuchujia hukohuko chini. Mimi humwamini zaidi anayeongeza kipimo cha kemia. Watafiti wa 2003, wale waliothibitisha bakteria wa amonia, waliweka kwenye sampuli naitrojeni yenye alama, yaani ya aina nzito inayotambulika kwa vipimo, wakaifuata hadi ikatoka kama gesi. Hiyo ni kazi iliyoonekana ikifanyika.

Ile gesi ya yai viza ikipanda itatuua?

Katika Bahari Nyeusi, bakteria wa mpakani huila kabla haijafika juu. Pwani ya Namibia hali ni tofauti: wakati mwingine hutoka kwenye tope kwa wingi na kuua samaki, ingawa hata huko, utafiti wa 2009 ulikuta bakteria wakiisafisha kabla haijafika juu.

Ni kweli chini ya Bahari Nyeusi kuna merikebu za kale zisizooza?

Kweli. Mwaka 2018 ilitangazwa merikebu ya Kigiriki yenye miaka 2,400 hivi, ikiwa chini zaidi ya kilomita mbili. Jamii ya chaza wanaotoboa mbao wanahitaji oksijeni, hivyo hawakuigusa. Mlingoti bado umesimama, na mabao ya kukalia wapiga makasia yapo.