Mgahawa wa uani Mikindani: bahari ndiyo inayopanga menyu

Mkuu, umesema nyumba ni ya familia, ya mawe, ipo Mikindani, mkoani Mtwara, ua wa ndani ni mita 8 kwa 6. Unataka kulisha wageni jioni tu, samaki na pweza, meza sita, na umeuliza uchape menyu ya vyakula vingapi. Kwa uzoefu wangu wa majiko ya pande hizi: usichape kabisa. Nunua ubao na chaki, uandike saa 9 alasiri, samaki wakiwa tayari kwenye barafu yako.

Pweza wa huku anachokolewa mwambani kwa miguu, maji yakikupwa. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, bahari inashuka zaidi ya mita 3 kutoka ilipojaa, na kupwa kwenyewe huangukia mnamo saa 4 au 5 asubuhi. Pweza wanafika mchana, wengi, na bei inazungumzika. Wiki ya maji mafu, bahari isiposhuka sana, mwamba haufunuki vizuri, wachokoaji wanarudi na vikapu vitupu, na wewe uliyechapa "pweza wa nazi" unaanza kuomba radhi meza kwa meza. Dagaa wana kalenda yao: wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mbalamwezi ikiwaka wanaadimika. Upepo wa kusi nao ukikaza, Juni hadi Agosti, vyombo vidogo haviendi mbali. Nguru, jodari na kolekole wanapungua, unabaki na changu, tasi na pono wa karibu. Hao ni samaki wazuri sana kwa mkaa, wala usimwambie mgeni kwamba wanaziba pengo.

Chukua oda kabla ya saa 6 mchana kila inapowezekana. Wageni wa nyumba za kulala wageni wanaweza kupiga simu asubuhi. Hapo unanunua samaki 12 kwa watu 12, badala ya kununua 20 na kubahatisha.

Sokoni fungua matamvua kwanza. Yawe mekundu yenye unyevu, si kahawia. Bonyeza mgongo kwa kidole: nyama irudi. Barafu ni kilo moja kwa kila kilo ya samaki, na iwe imepondwa, maana mabonge makubwa yanaacha nafasi za joto katikati. Kwa jodari, nguru na vibua usilegeze hata kidogo. Wakikaa juani, nyama yao hutengeneza sumu ambayo moto hauiondoi. Mgeni anakula samaki aliyeiva vizuri, baada ya nusu saa uso unakuwa mwekundu, ngozi inawasha, kichwa kinagonga. Muuzaji akikuambia "ukimkaanga vizuri hana neno", ondoka. Pweza wa chini ya gramu 500 usimpokee hata kwa bei ya bure: sheria inamkataza, na ukimnunua leo unakula pweza wa mwakani.

Pweza huyo huyo ndiye anayewatia hasara wengi. Akichemshwa anapoteza karibu nusu ya uzito, kwa hiyo kilo moja mbichi ni sahani mbili za kushiba, si nne. Panga bei kwa uzito wa baada ya jiko. Mtwange au mgandishe usiku mmoja kwanza, kisha mweke sufuriani bila maji na bila chumvi, moto mdogo, umfunike. Atatoa maji yake mwenyewe mekundu na kuivia humo kwa dakika 45 hadi saa nzima. Tui linaingia akishalainika. Ukilitia mapema litakatika wakati nyama bado ngumu kama kandambili.

Sasa moshi, na hapa ndipo migahawa ya uani inapofia. Watu husema: kusi linatoka kusini, basi jiko likae ukuta wa kaskazini, moshi uende zake. Uani mambo ni kinyume. Upepo unaruka ukuta wa kusini kwa juu, unagonga wa kaskazini, unashuka, kisha unarudi chini kwa chini ukipita katikati ya meza. Jiko la kaskazini linawavutisha wageni moshi wote. Liweke kwenye ukuta ule ule upepo unakotokea. Huko hewa ya ndani inapanda na kutoka. Upepo wa kaskazi ukiingia, mnamo Desemba, unalihamisha, kwa hiyo usilijenge kwa matofali. Kabla ya yote choma kumbi la nazi lenye unyevu saa 1 jioni, liweke pembe moja baada ya nyingine, kaa kwenye kiti cha mgeni uone moshi unapita wapi. Fanya jioni tatu, kwa sababu upepo wa baharini ukilala unaingia ule wa nchi kavu na mambo yanageuka. Na jiko lisikae chini ya makuti, hata siku moja.

Jiko ndilo linaloamua idadi ya meza. Pipa la lita 200 lililopasuliwa nusu linabeba samaki sita au saba wa nusu kilo kwa raha, na kila mmoja anataka dakika 20 hadi 25. Meza sita za watu wanne zikikaa kwa pamoja, wa mwisho wanakula baada ya saa moja na nusu. Anza na meza nne. Wanaosubiri wape ming'oko, mizizi ya porini ya huku, ya kuchemsha na chumvi na pilipili, au korosho zilizobanguliwa hapa hapa. Mgeni wa mbali hajawahi kuona ming'oko, na atauliza, na mazungumzo yakianza njaa inavumilika.

Samaki wa kupaka: changu, mikato mitatu kila upande hadi kwenye mfupa, ndimu, chumvi, kitunguu saumu, tangawizi, dakika 30. Mkaa uwe umevaa majivu meupe. Shikilia kiganja juu kidogo ya wavu, ukivumilia kuhesabu nne au tano, weka. Wavu uwe wa moto na umepakwa mafuta. Usimguse mpaka ngozi ikauke na iachie yenyewe. Anayemgeuza haraka anaacha ngozi kwenye wavu. Tui zito la nazi mbili kwa samaki wanne, na manjano, chumvi na pilipili, unalikoroga motoni bila kufunika mpaka lishike mgongo wa kijiko. Unaanza kupaka samaki akishakaribia kuiva. Ukipaka mapema tui linadondokea mkaa na kuwa masizi. Ndimu ya tui ni mwishoni, ukishaepua.

Kuta zako ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Fundi akikushauri upige plasta ya saruji zipendeze, mkatalie: saruji inafungia unyevu na chumvi ndani, baada ya muda inabanduka na mabonge ya ukuta. Tumia chokaa. Kama unataka kubomoa au kufungua mlango, ni mji mkongwe huo, pita halmashauri na idara ya Mambo ya Kale kwanza. Leseni na vyeti vya afya vya wapishi anza navyo mapema.

Taa ziwe za njano hafifu, nyeupe kali zinaita wadudu, na mvua za kwanza zikija na kumbikumbi utaelewa. Feni iwe chini, ipulize miguuni, maana mbu hawezi kupambana na upepo na huko ndiko anakouma. Jua huzama Juni saa 12 na dakika chache, Januari karibu na saa 1, kwa hiyo saa ya kuwasha mkaa nayo inasogea. Adhana ya isha ikianza, muziki uzimwe bila mtu kukumbushwa. Umezungukwa na majirani na kuta haziendi juu kiasi cha kuzuia sauti. Birika na beseni vipite kila meza kabla ya chakula, maji yawe ya vuguvugu yenye kipande cha ndimu, na baada ya chakula vipite tena.

Tupia hapa mchoro wa ua ukionyesha kusini ni upande upi na mlango uko wapi, tuone jiko likae pembe gani.