Lanesville: TV ya kijiji iliyoanza bila leseni

Umeuliza kama kuna kituo cha TV cha kijiji kimoja tu kilichowahi kudumu. Kilikuwepo: Lanesville TV, huko kwenye milima ya Catskill, jimbo la New York. Vijana wa Videofreex, kundi la watengeneza video, walihamia hapo 1971, wakapanga jumba kubwa la zamani, na Machi 1972 wakaanza kurusha matangazo bila leseni. Mwanaharakati Abbie Hoffman ndiye aliyewapatia mtambo wa kurushia matangazo. Ulikuwa dhaifu, mawimbi yake yaliishia bondeni mlemle.

Kinachonigusa mimi ni vipindi vyenyewe. Walitembea na kamera za kubebeka, wakawahoji majirani majumbani mwao, na watazamaji walipiga simu wakasikika hewani papo hapo, wengine wakieleza tu kama picha inaonekana vizuri. Fikiria mkulima anajiona kwenye runinga ambayo siku zote ilimwonyesha watu wa mbali!

Waliendelea hadi 1977. Mmoja wao, Parry Teasdale, baadaye aliishauri FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, ambayo 1982 iliruhusu rasmi vituo vya TV vya nguvu ndogo.