IST ya 2003 yenye kilomita 280,000, ninunue au nikimbie? Jibu la mtu anayeiendesha

Mkuu heshima yako. Umeuliza kuhusu Toyota IST ya 2003 namba C, bei milioni saba na nusu, odo inasoma 280,000, na karibu wote hapo juu wamekwambia kimbia hiyo imechoka. Mi natumia ya hivohivo, 1.3 yenye injini ya 2NZ, niliichukua mkononi mwa mtu 2016 ikiwa na laki moja na kitu na saa hizi imeshapita laki tatu, na kila asubuhi inanitoa Nkuhungu hadi Mtumba kazini, hapa Dodoma, bila kelele. Kilomita zisikutishe, tena hiyo odo yenyewe nani ajuaye kama haikukatwa kabla gari haijapanda meli. Kinachoua hizi gari huku kwetu ni maji.

Nasema maji ya kwenye rejeta. Maji ya Dodoma hakuna asiyeyajua, birika likikaa wiki kadhaa tu chini lina ukoko mweupe mpaka unakwangua na kijiko, sasa maji hayohayo ya bomba ndo mtu anajazia rejeta mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, na kila yakipungua anaongeza mengine. Kuna jirani yangu Vitz yake ilikuwa inachemsha kila akipanda kilima, tukaenda kwa fundi rejeta, akakunjua zile kingo akalitoa lile tanki la plastiki, aisee, ndani rangi ya ugoro, vile vijia vyembamba vya maji vingi vimeziba, fundi anatumbukiza waya unagota katikati haupiti. Halafu mwenye gari anakwambia rejeta nzima, haivuji! Ni kweli haivuji, ila haipozi.

Sasa angalia kinachofuata, maana hapa ndo pesa nyingi zinapotelea. Gari ikianza kuchemsha fundi wa mtaani kitu cha kwanza anatoa thamostati, kale kamlango kanakozuia maji yasiende rejeta injini ikiwa ya baridi, anakwambia hii ni ya nchi za baridi, huku joto haina kazi. Kwa wiki chache unaona kweli imetulia na unamsifia fundi. Lakini thamostati haipo pale kwa ajili ya baridi tu, ipo ili injini ipate joto lake haraka na ibaki hapohapo, kwa hizi injini inaanza kufungua kwenye nyuzi 80 na kidogo. Mi nina kale kadude ka OBD kanakosoma kompyuta ya gari, ka kuunganisha na simu kwa bluetooth, kanauzwa bei ya kawaida tu, nikichomeka naona joto la maji laivu. Ya kwangu ikiwa barabarani inacheza 85 mpaka 92. Niliwahi kukachomeka kwenye IST ya rafiki yangu iliyotolewa thamostati, tunaelekea Bahi asubuhi, ikawa inasoma sitini na kitu njia nzima, na kompyuta ya gari ikiona hivo inajua injini bado ya baridi, inaendelea kumwaga mafuta mengi. Ndo mana mtu analalamika IST inakunywa kama Prado halafu anabadilisha plagi na nozeli bure, hela zimeisha tatizo lipo palepale.

Mfuniko wa rejeta nao watu wanaudharau. Ule unashikilia presha ili maji yachelewe kuchemka, na sisi hapa tuko juu kama mita 1,100 hivi kutoka usawa wa bahari, maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 96 si 100. Mpira wa mfuniko ukishakakamaa presha inatoka, maji yanachemka mapema na yanamwagika kupitia kile kichupa cha pembeni. Ni kitu cha bei ndogo sana, badilisha usisubiri kife.

Dawa ya yote haya haina ujanja: kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini. Kama unanunua ile ya kuchanganya basi changanya na maji ya betri, yale matamu sio yale makali ya asidi. Ya kwangu nilimwaga yote, nikasafisha, nikaweka rejeta mpya na thamostati mpya mara tu niliponunua, na tangu hapo namwaga kulanti kila baada ya miaka miwili. Haijawahi kuchemsha, hata kile kipande cha kupanda kutoka Dumila kuja Gairo saa nane mchana AC iko on na mizigo ya mama watoto mpaka kwenye siti.

Jingine linalohusu hilohilo. Kwenye hizi injini mkanda wa nje ndo unaozungusha alteneta na pampu ya maji kwa pamoja. Taa ya betri ikikuwakia njiani usiseme ah betri tu hii ntafika Kibaigwa ntaangalia. Paki pembeni ufungue boneti, kama mkanda umekatika jua pampu ya maji imesimama, na ukikaza mwendo dakika chache tu hedi, kile kipande cha juu cha injini, inapinda, hedi ya aluminiamu hiyo haina uvumilivu. Mkanda wa akiba na spana viko kwenye buti yangu siku zote.

Haya, oili. Hapa sikudanganyi, kwa kilomita hizo lazima itakuwa inakula oili kidogo. Ringi za oili za kwenye pistoni zinagandwa na masizi, hasa kama wenye gari wa mwanzo walikuwa wanapitiliza sevisi. Ya kwangu kati ya sevisi na sevisi inashuka kama nusu lita, mi naongeza maisha yanaendelea, sijafungua injini na sina mpango. Injini nzima inachukua lita 3.7 hivi pamoja na filta kwa hiyo ikipungua lita moja sio jambo la kuchukulia poa. Kosa ni mtu kusubiri taa nyekundu ya oili, ile ikiwaka ujue presha imeshaondoka, kuna vyuma vinasagana. Chomoa kijiti cha kupimia oili kila wikiendi kabla hujawasha. Mdau mmoja hapo juu kasema uliza timing belt ilibadilishwa lini, hii haina belt mkuu, ina cheni, hayo ni mambo ya Starlet. Cheni haina kilomita za kubadilisha ila kikazio chake kinategemea presha ya oili, kwa hiyo ukisikia mlio wa kukwaruza upande wa mkanda asubuhi ikiwa ya baridi na hauishi haraka, hapo sasa ndo ukimbie.

Gia boksi: hii ya zamani ni otomatiki ya gia nne, inataka ATF (oili ya gia otomatiki) aina ya T-IV, usikubali kumwagiwa haidroliki yoyote ya kwenye pipa. IST new model zilizoanza 2007 ndo zina CVT, otomatiki isiyo na gia za kuhesabu, na zenyewe zina oili yake, usichanganye.

Miguu siiongelei sana, linki, bushi, boljoint, shokapu za mbele, hivi utabadilisha tu upende usipende, barabara zetu za mitaani unazijua. Ila spea zipo kila kona na hazifilisi. Filta ya hewa pia, kiangazi kile cha Agosti mpaka Novemba vumbi la huku halina mfano, mi naikung'uta kila mwezi. Na tairi kabla hujasifia zina kashata (meno), soma zile tarakimu nne za mwisho pembeni, 3515 maana yake imetengenezwa wiki ya 35 mwaka 2015, hiyo kwa jua letu ni bomu hata kama inaonekana mpya.

Mafuta kwangu mjini ni kilomita 12 hadi 13 kwa lita, njia ndefu nikitembea 80 mpaka 90 inafika 16. Wanaokwambia 20 waachie wenyewe.

Sasa ukienda kuiona nenda asubuhi na umwambie muuzaji kabisa asiiwashe. Ukikuta boneti ina moto wakati kakwambia gari imelala, uliza kwanini. Ikiwa ya baridi fungua mfuniko wa rejeta mwenyewe: ukiona pinki au kijani safi, vizuri, ukiona maji matupu au kutu, au mafutamafuta yanaelea juu, basi hiyo sio ya saba na nusu. Kwa maji ya kutu mi ningemshusha bei ya rejeta, thamostati, pampu na ufundi juu. Kwa mafuta yanayoelea nisingeongea hata bei. Halafu iwashe, iache sailensa bila kukanyaga mafuta mpaka feni iwake na izime yenyewe mara mbili, muda huo usikubali kupigwa stori ukaondoka pale, na AC iwe imezimwa maana AC ikiwa on feni inawaka tu hata kama kuna tatizo.

Kama unaenda kuiangalia Jumamosi nitumie ujumbe, kama nipo mjini ntakuja na kadude kangu.